Snusi Iliyofukizwa Ubani

Dukani kwa Harub, muuza viungo,
Suku ya Matrah,
Maskati.

18 Shaabani 1388
9 Novemba 1968

Mpendwa mdogo wangu Aflah,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimepona, na umeshalipata lile koti zito ulilokuwa ukilitafuta. Mama anauliza kama unalala umefunika kichwa. Anauliza kila siku, kwa hiyo tafadhali nijibu, hata kama jibu lenyewe ni la uongo. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Magoti ya mama yapo vilevile, macho yangu yananisumbua nikishona jioni, na Suud amekonda kidogo lakini anakula. Mimi nimechoka tu. Nakwambia mapema ili ukiuona mwandiko wangu umelala usidhani naumwa.

Barua yako ya Agosti ilifika mwezi uliopita, baada ya kupitia mikono mingi. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ile namna ya kutengeneza snusi, tumbaku yenu hiyo ya kuweka mdomoni, uliyoniandikia imefaa. La pili, kama huku Maskati ni kwetu, ili ujue kama kuna maana ya wewe kufunga safari kuja mahali usipowahi kupaona, au ubaki huko huko Uswidi uchukue makaratasi yao. Hilo la pili nilikuwa sina jibu lake. Acha nikueleze kwanza la snusi, maana limenipa kazi kubwa, na nusura litutoe nchini.

Unamjua mume wangu Suud tangu tulipokuwa Unguja, alikuwa akiwasha sigara kwa sigara. Hapa kuvuta njiani ni marufuku. Aliligundua hilo wiki ya kwanza, akalala ndani usiku mmoja. Halafu riziki yake ikamwangukia kwenye bohari ya petroli na mafuta ya taa, hapa pwani ya Matrah, mahali ambapo hata kukutwa na kiberiti mfukoni ni kosa. Mwaka jana msimamizi wao, Mwingereza mzee aliyefanya kazi zamani kwenye meli za mafuta, alimkuta nyuma ya mapipa na sigara mkononi. Hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba aliwahi kuona meli ikiungua na watu wake ndani, na kwamba mara ya pili hakutakuwa na maneno.

Nawe unajua, maana nilikuandikia wakati ule, kwamba ruhusa yetu ya kukaa hapa inatokana na kazi ile. Jina la Suud, langu na la mama yapo kwenye karatasi moja. Kazi ikiondoka na sisi tunaondoka, na sijui twende wapi. Mama ameshapandishwa na kushushwa melini mara tatu tangu tutoke kwetu. Ya nne hataiweza. Sisemi hivyo kwa kukutisha, ni kwa sababu namwona anavyopanda ngazi ya darini.

Ndiyo maana makopo yako yalikuwa rehema kwetu. Ulipotuma yale ya kwanza, yale ya duara, nilidhani umetuletea rangi ya viatu. Suud alisoma maelezo yako, akafinyanga kidonge kidogo, akakiweka chini ya mdomo wa juu, akakaa kimya kama mtoto anayeota jino. Hakuna moto, hakuna moshi, wala hatemi mate ovyo kama watu wa tambuu. Siku ile alikwenda kazini akarudi bila kutamani kiberiti. Mama alichungulia ndani ya kopo, akanusa, akasema mwanawe amevuka bahari zote hizo ili aje kututumia tope. Tangu hapo jina lake ni tope la Aflah. Suud peke yake ndiye anayeiita snusi, kwa heshima.

Mzigo wako wa mwisho ulipofika umepasuka na snusi imekauka imekuwa vumbi, nilimwona Suud akilitazama lile vumbi nikaogopa. Ulifanya vyema kuniandikia namna anavyotengeneza bibi mwenye nyumba yako. Tumbaku isagwe, itiwe maji na chumvi, ipate moto mchana na usiku bila kuchemka, kisha itiwe magadi, ifinikwe, izikwe kwenye theluji uani mpaka ilale vizuri. Naona bibi huyo ana jiko zuri na hana haraka. Hapo kwenye theluji nilicheka peke yangu jikoni. Aflah, hapa mwezi wa Juni hata kitasa cha mlango hakishikiki.

Moto haukunipa taabu. Niliweka chungu juu ya paa, nikakifunika gunia, jua likafanya kazi yake bure, na magharibi ikiingia nakizungushia majivu ya moto. Baridi ndiyo iliyonitoa jasho. Mwishowe niliutazama mtungi wa maji unavyoning'inia barazani kwenye upepo, huo ambao wenyeji wanauita jahla, unavyovuja na kudondoka. Nikaliweka kopo chini yake, matone yakawa yanaliangukia mchana kutwa, na asubuhi ya pili nilipolishika lilikuwa baridi kweli. Mwambie bibi yako kwamba na sisi tuna theluji yetu.

Kazi ilikuwa kwenye tumbaku yenyewe. Nilianza na ya Batina, pwani ya kaskazini ya hapa, majani mapana yanayoletwa sokoni kwa mafungu. Hiyo haitaki mzaha. Nilipoitwanga kinuni nilipiga chafya mpaka mama akachoka kuniombea rehema. Suud aliiweka mdomoni, akashikwa na kwikwi, akaenda kulala bila kula.

Nikajaribu tumbaku ya Kihindi, hiyo anayoitia mama kwenye tambuu yake. Ni laini na ina utamu, lakini ikipata maji inakuwa uji. Suud alikuwa nayo mdomoni anazungumza na watu msikitini, ikamchuruzika mpaka ndevuni. Alirudi amejifunika kidevu kwa kilemba, hataki kuulizwa.

Kisha Harub, yule muuza viungo ambaye barua zako hupitia dukani kwake, akanipa tumbaku ya kiko ya Kizungu aliyoachiwa na mteja aliyesafiri. Ina harufu ya asali. Hiyo ilitoka nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa na madhara kuliko zote, kwa sababu Suud kila akiionja mkono unakwenda mfukoni kutafuta kiberiti. Niliimwaga yote. Harub sijamwambia.

Magadi nayo yana kisa chake. Sokoni nilipata soda ya kufulia nguo tu, na Harub aliniapia kuwa ni kitu kimoja. Huenda ni kimoja, lakini Suud alisema anajiona kama kola ya shati. Mama alikuwa akiniangalia siku zote hizo. Basi akainuka akaenda kwenye sanduku lake. Unalikumbuka, lile la misumari ya shaba. Toka tufike hapa limefungwa kamba, halifunguliwi hata siku ya Idi, na nguo zake anazitoa kwenye kifurushi. Nilipata kumwuliza sababu, akanambia mtu aliye safarini hafungui mzigo. Siku ile aliifungua kamba, akatoa bonge la magadi aliloondoka nalo Unguja kwa ajili ya kupikia kunde, akanipa, kisha akaifunga tena kwa mafundo yaleyale.

Yalipoingia kwenye tumbaku ya moto, ilitoka harufu inayopanda puani mpaka macho yanatoka machozi. Jirani yetu Bi Shaikha, mwenyeji wa hapa, alipanda juu ya paa lake akaniuliza, kwa ukarimu kabisa, kama tumeanza kazi ya kutengeneza ngozi. Watu wa hapa tumbaku wanaikirihi, kwa hiyo nilimwambia ni dawa ya magoti ya mama. Akaniomba kidogo kwa ajili ya magoti ya mumewe. Mpaka leo nikimwona nabadilisha njia.

Lakini mchanganyiko ule ulikubali. Batina kwa nguvu, ya Kihindi kidogo kwa ulaini, chumvi, na magadi ya mama. Suud alikaa nayo mdomoni kitambo, akasema hii sasa ni ndugu ya ile yako, labda baba mmoja mama mbalimbali. Mimi nikafurahi. Nilitaka kutengeneza nyingi ili nisiishike kazi hiyo tena mpaka Idi ipite, nikanunua chungu kipya kikubwa. Hapo ndipo mkono wangu uliponiponza.

Unajua kwetu chungu kipya hakitiwi kitu cha kinywani mpaka kifukizwe. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilimwona mama, naye alimwona bibi. Unatia ubani kwenye chetezo, unakifudikiza chungu juu ya moshi mpaka udongo ushibe, kisha unakifunika haraka usije ukatoka. Nilifanya hivyo bila kufikiri, nawaza chakula cha mchana na nguo za kufua, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Nikaitia tumbaku yangu humo, ikapikika humo, ikalala humo pamoja na moshi wa ubani. Suud alipoionja asubuhi alisema leo ina kitu kipya, lakini kizuri. Akajaza kopo, akaondoka nalo.

Kabla ya adhuhuri msimamizi aliinama juu ya meza yake kumwonyesha jambo, akanyanyua kichwa, akamnusa. Akamwambia afungue mdomo. Akaona kitu cheusi chini ya mdomo wa juu, kinanuka tumbaku na kinanuka moshi. Mtu mwenye akili zake angefikiri nini? Alifikiri Suud amevuta sigara ndani ya bohari, na aliposikia hatua za mtu akaificha kinywani. Hata mimi ningefikiri hivyo.

Na Suud, unakijua kiburi chake, alisema tu kwamba hakuvuta. Hakutaja chungu wala ubani. Baadaye alinieleza kuwa hawezi kusimama katikati ya mapipa ya petroli akamsimulia mwanamume mwenzake mambo ya jikoni kwa mkewe. Basi akaambiwa arudi Jumamosi kukabidhi funguo na ile karatasi ya ruhusa.

Nilimkuta barazani amekaa na kofia yake kichwani, saa ambayo si ya kuwa nyumbani. Alinipa kopo. Nikafungua, nikanusa, nikajua. Nilikaa chini palepale. Sikulia, Aflah, nilikuwa nimechoka mno kulia. Nilianza kufikiri habari za vyombo, kipi tutachukua na kipi tutamwachia Bi Shaikha. Nimeshaifikiri habari hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa inakuja yenyewe bila kuitwa.

Kumficha mama haikuwezekana, maana alikuwa ameshasikia kupitia dirishani. Kesho yake Suud alipokwenda kwa Harub kutafuta ushauri, mama aliniita akaniuliza mambo machache tu. Kwamba Mzungu anadai Suud kavuta? Nikamwambia ndiyo. Na moshi ni wa chungu changu? Nikamwambia ni wangu. Akazitazama nyayo zake. Kisha akasema, "Nipe buibui langu, mwanangu. Na chetezo."

Tangu tushuke Maskati mama alikuwa hajatoa mguu nje ya nyumba hii. Anasema hakuna anayemjua huko wala anayetaka kujulikana naye. Nilimwambia magoti yake hayafiki, akasema yatafika, kurudi ndiko hajui. Basi tukatoka, yeye ananishika bega, mimi nimebeba chetezo mkono mmoja na bati la makaa ya moto mkono wa pili. Ndiyo, umesoma sawasawa. Wanawake wawili wazima tulipita katikati ya suku, soko la Matrah, na makaa yanayowaka, tunakwenda bohari ya petroli. Halikunijia kichwani hata kidogo, mpaka nilipomwona Thani.

Thani ndiye bawabu wao, mtu mzima wa kijiji cha Yiti, mpole. Alikuwa amesimama katikati ya njia amenyoosha mikono yote miwili. Alimwambia mama kwa Kiarabu, kwa adabu, kwamba moto haupiti hapo hata ukiwa wa ubani. Mama akamjibu kwamba yeye hakuja kupita, alikuja kumngoja aliye ndani atoke nje. Akarudi nyuma mpaka mbali kabisa na ukuta, karibu na maji, akakaa mchangani na buibui lake lote. Sijapata kumwona mama amekaa mchangani tangu nizaliwe.

Msimamizi alitoka mbio, uso mwekundu. Mimi ndiye niliyetafsiri, kwa Kiingereza changu kile cha kufundishia darasa la tatu. Mama hakumpa nafasi ya kufoka. Alimwomba Thani kikombe chake cha bati, hicho cha langoni ambacho kila mtu amekiona. Akatia chembe ya ubani juu ya mkaa, akakifudikiza kikombe juu ya moshi, taratibu, kama mtu aliye uani kwake na wageni hawajafika. Akakigeuza, akatia maji ya mtungi wa Thani, akafunika na kiganja, akangoja kidogo, akampa.

Mzungu alinitazama mimi. Nikamwambia ni maji tu. Akanywa. Akanywa tena polepole, akitafuta kitu ndani yake. Akasema maji haya yana moshi.

"Mwambie hakuvuta mtu," mama akasema. "Moshi huo wa chungu, si wa kifua. Sisi ndivyo tunavyompa mgeni maji."

Nikamtafsiria, na sauti ilinitoka vizuri kuliko nilivyotazamia. Nikamfungulia kopo la Suud akanusa kopo, akanusa kikombe, akarudia kopo. Hapo Thani akasema kwa Kiingereza chake cha langoni kwamba ni luban, yaani ubani. Kumbe alijua tangu siku ile ile Suud alipompita getini amefukuzwa. Ila hakuna aliyemwuliza, na yeye hakuona kama ni mahali pake kusema.

Msimamizi aliitazama bahari upande wa meli. Kisha akamrudishia mama kikombe kwa mikono miwili. Sijui nani aliyemfundisha. Akasema Suud arudi Jumamosi, si kwa ajili ya funguo.

Usidhani mambo yalikwisha kwa raha. Msimamizi amemtoa Suud ofisini. Sasa anaandika mapipa nje, langoni, juani, pamoja na Thani, na kopo lake lazima likae kwa Thani lisivuke lango. Cheo kimeshuka na uso umeungua. Mimi nami niliambiwa, na haki yake, kwamba mtu wa nyumba yetu akionekana tena na moto karibu ya pale ataitiwa askari. Lakini karatasi iko palepale kabatini, na majina matatu yako palepale.

Kurudi kulikuwa kugumu. Mama alikaa kwenye kizingiti cha kila duka, wenye maduka wakamletea viti, na mmoja alimletea tende. Tulipofika nyumbani alikuwa hana rangi. Aliomba maji. Nikamchotea kwenye mtungi wetu, akanywa funda moja, akabaki amekishika kikombe.

"Chungu cha tumbaku ulikifukiza," aliniambia. "Mtungi wetu mbona huufukizi?"

Ni kweli, Aflah. Toka tufike sijaufukiza mtungi wa nyumba hii hata siku moja. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi, na nilikuwa nikijiambia ubani utakwenda bure. Lakini sababu haikuwa hiyo na mama alijua. Mtu huufukiza mtungi mahali anapokaa, si anapopita njia. Nilikuwa nikimcheka mama na sanduku lake, kumbe na mimi nimefunga kamba, ila yangu haionekani.

Makaa yalikuwa bado yana moto kidogo. Niliutungua mtungi, nikaumwaga, nikaufukiza mpaka macho yakaniwasha. Suud alipokuja jioni alikuwa hasemi na mimi. Si kwa ajili ya chungu, bali kwa sababu mama mkwe wake amekaa mchangani kwa ajili yake na mji mzima umeona. Nikampa maji. Akanywa, akanitazama, akanyoosha kikombe tena. Mama alikunywa vikombe viwili, yeye ambaye maji ya Maskati huyanywa kama dawa. Kisha akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akataja jina lako. Jina tu.

Suud alianza kusema siku ya pili yake. Alikuja na samaki wawili wakubwa aina ya changu, akawaweka mbele ya mama, akasema asante kwa sauti ya mtu anayekohoa. Mama akamwambia samaki wa hapa wana miba mingi. Basi yakaisha.

Ramadhani iko mlangoni. Mchana hakutakuwa na sigara wala snusi wala tambuu, na mimi nitapumzika na kinu. Ndani ya bahasha hii nimekutia kidogo kwenye karatasi ya nta, ile ile ya chungu kipya. Mwonjeshe bibi mwenye nyumba yako, na usimwambie kilichomo mpaka aseme mwenyewe. Wewe utaijua ukifungua tu.

Nisalimie Majid unayekaa naye chumba kimoja, mwambie mamake aliyeko Dubai ameniandikia na ni mzima, anangoja barua ya mkono wake. Harub anakusalimu na anaulizia stempu za huko. Suud anakusalimu sana. Bi Shaikha naye, kutoka juu ya paa lake, anakusalimu bila kukujua, na bado anaulizia dawa ya magoti. Mama anakubusu macho yote mawili, anakuombea usiku na mchana, na anasema ufunike kichwa.

Sasa lile swali lako la pili. Siwezi kukwambia kwamba hapa ni kwetu. Sanduku la mama bado lina kamba, nimechoka, na kila nikisikia honi ya meli bandarini naanza kufikiri vyombo. Lakini mtungi umefukizwa. Hilo naweza kukuandikia bila kusema uongo. Makopo usitume tena, nimeshajua kuitengeneza mwenyewe. Njoo wewe, kabla magoti ya mama hayajamweka kitandani moja kwa moja. Ukibisha hodi hatutakuuliza habari za safari, wala hatutakutilia kahawa kwanza. Tutakupa maji. Ukishakunywa, wewe ndiye utakayetuambia kama ni kwetu.

Mungu akulinde na baridi ya huko, akufungulie njia, na atukutanishe tukiwa bado tunajuana nyuso.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikichoka,

Kheiria